Mwili Mmoja, Simu Ngapi?



Katika semina zetu za ndoa hapa Chewele kuna swali ambalo miaka ya nyuma halikuwako, na siku hizi halikosi. Je, ni halali mke kumficha mume simu yake, au mume kumficha mke? Kwa muda mrefu nilikuwa na jibu moja tu, nalo nililitoa upesi bila kufikiri. Nilisema: "Mume na mke ni mwili mmoja. Mwenye moyo safi haogopi kuonyesha simu." Watu walipiga makofi, hasa sisi wanaume. Leo nataka kuwaeleza kwa nini nimeacha kulitoa jibu hilo jinsi lilivyo, na ni nani aliyelipia kosa langu.

Mama mmoja, ambaye sitamtaja jina na ambaye baadhi ya mambo yake nimeyabadilisha ili asitambulikane, alifunga ndoa kanisani. Mumewe anafanya kazi mbali na hurudi nyumbani mara mbili au tatu kwa mwaka. Krismasi moja alimletea mkewe simu ya kisasa, ile ya kugusa kioo, badala ya mulika mwizi aliyokuwa nayo. Jumuiya nzima ilimpongeza mama yule. Tulisema: huyu ndiye mume anayemjali mkewe.

Kumbe simu ile ilikuwa kamba. Akaunti yake aliifungua mume mwenyewe, na neno la siri analijua yeye. Laini ilisajiliwa kwa kitambulisho chake. Akiwa huko kazini aliona kwenye ramani mahali mkewe alipo. Jumbe za WhatsApp za mkewe zilimfikia na yeye, maana alikuwa ameiunganisha akaunti hiyo na kompyuta yake. Kila jioni ilimbidi mama yule apige simu ya picha na kuizungusha chumbani, mume apate kuona nani yumo. Akichelewa mferejini, aliulizwa. Shilingi mia ikitoka kwenye M-Pesa, aliulizwa. Na alipoomba kupumzika na hayo, alikumbushwa picha alizomtumia mumewe katika mwaka wao wa kwanza wa ndoa, picha za mke kwa mume. Aliambiwa kwamba akiwa mkaidi zitaonekana katika kundi la WhatsApp la jumuiya.

Mume huyo hakumpiga mkewe hata kofi moja. Ndiyo sababu hakuna jirani aliyejua. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Siku hizi, ndugu zangu, fimbo ya mbali inafika.

Siku moja baada ya ibada mama yule alibaki nyuma, akaniuliza polepole: "Mwalimu, nikinunua laini nyingine nisimwambie, nitakuwa nimetenda dhambi?"

Nilimjibu kwa methali: mficha uchi hazai. Nikamwambia asimfiche mumewe kitu, asali, avumilie. Kisha nikafanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza: nilimpigia mumewe simu ili niwapatanishe. Nilizungumza naye kwa upole, naye alinijibu kwa upole na kunishukuru. Lakini jioni ile ile alikuwa amekwisha jua kwamba mkewe ametoa siri nje. Wiki mbili hakutuma pesa za chakula. Na picha moja ikamfikia kaka wa mama yule. Kaka yake aliifuta bila kusema neno, lakini dada mtu hakuweza kumtazama usoni kwa muda mrefu.

Tangu siku hiyo nimelifikiria upya swali lake.

MWILI MMOJA MAANA YAKE NINI

Maandiko yanafundisha katika kitabu cha Mwanzo, sura ya pili, kwamba mume na mke huwa mwili mmoja. Fundisho hilo ni la kweli, wala sitaki mtu alipunguze. Lakini tujiulize: je, kuwa mwili mmoja ni kuwa pia dhamiri moja?

Tazameni desturi ya Kanisa lenyewe. Jumamosi jioni mume na mke huja pamoja kuungama. Je, huingia pamoja? Hapana. Mume huingia peke yake, na mke huingia peke yake. Aliyoyasema mke hapo, padre hawezi kumwambia mume hata akishikiwa panga. Kanuni ya 983 ya Sheria za Kanisa inakataza kabisa. Hakuna mume Mkatoliki aliyewahi kulalamika kwamba kiti cha maungamo kinavunja ndoa yake. Basi Kanisa linajua kwamba ndani ya mtu kuna chumba ambacho hata mwenzi wa ndoa haingii, isipokuwa akaribishwe na mwenyewe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, namba 16, uliifananisha dhamiri na mahali patakatifu ambapo mtu yuko peke yake na Mungu.

Tazameni pia siku ya arusi. Kabla ya kupeana ahadi, mliulizwa kama mmekuja kwa hiari yenu bila kulazimishwa. Kwa nini swali hilo huulizwa kwanza? Kwa sababu ndoa hufanywa na ukubali wa watu wawili, na ukubali huo hauwezi kutolewa na mtu mwingine kwa niaba yao, awe mzazi, chifu au askofu. Kanuni ya 1057 inasema hivyo. Ikiwa kitu kilicho kikubwa kuliko vyote, yaani nafsi ya mtu, hutolewa kwa hiari, basi vitu vidogo vinavyofuata hutolewa kwa hiari pia. Siri za moyo ni zawadi, na zawadi ikichukuliwa kwa nguvu huwa kitu kilichoporwa, hata kama mikononi mwa mwenyewe inaonekana ni ile ile.

Mimi na mke wangu tunajuana namba za siri za simu. Tulipeana wakati mmoja wetu alipokuwa mgonjwa, na hatukuona sababu ya kuzibadilisha baadaye. Ni jambo jema, na ninawasifu wana ndoa wanaofanya hivyo. Lakini uzuri wake ni huu, kwamba mke wangu anaweza kesho kuniambia, "Baba Fulani, leo nina mazungumzo na dada yangu ambayo si yako," nami nikanyamaza, na usiku tukalala salama. Kama asingeweza kuniambia hivyo bila kutetemeka, basi kujuana kwetu namba kusingekuwa umoja, kungekuwa ulinzi wa mfungwa.

JE, KUFICHA SI KUDANGANYA?

Hapa wengi watanipinga, nao wana haki. Watasema: Mwalimu, unawafungulia wazinzi mlango. Kila mwenye mpango wa kando atasema ana faragha yake.

Sitaficha kwamba hatari hiyo ipo. Simu iliyofungwa inaweza kuficha uzinzi, kama vile safari ya kwenda Garissa kununua mbolea ilivyoweza kuuficha zamani kabla simu hazijaja. Lakini kuna mambo mawili ya kufikiri.

La kwanza, uaminifu hauletwi na ulinzi. Mtu anayechungwa usiku na mchana hulitii jicho linalomtazama, na siku jicho likisinzia hakuna kitu cha kumzuia. Mwaminifu ni yule anayeweza kwenda na haendi. Mume anayemchunga mkewe kwa ramani hawezi kamwe kujua kama ana mke mwaminifu, kwa maana amemnyima nafasi ya kuwa mwaminifu.

La pili, si kila anayenyamaza ni mwongo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inafundisha katika namba 2489 kwamba usalama wa mtu na heshima ya maisha yake ya faragha ni sababu za kutosha za kunyamaza, na kwamba hatudaiwi ukweli na mtu asiye na haki ya kuujua. Mama aliyejificha asipigwe hadaiwi kumwambia anayempiga mahali alipo. Sasa, je, mume anayetumia habari za mkewe kumnyima chakula na kumwaibisha bado ana haki ya kupewa habari zote? Mimi nasema haki hiyo ameipoteza, mpaka aache na kujirekebisha. Si mke aliyeuvunja umoja kwa kununua laini. Aliyeuvunja ni yule aliyegeuza umoja kuwa kamba.

Basi anayetaka kujua kama kuficha kwake ni faragha halali au ni udanganyifu, ajiulize mbele ya Mungu maswali matatu. Ninaficha ili nimdhulumu mwenzangu, au ili nisidhulumiwe? Nikiulizwa na padre wangu au na mama yangu mzazi, naweza kueleza bila aibu? Hofu yangu ikiondoka, nitaendelea kuficha? Mzinzi atashindwa katika maswali haya. Mama yule wa hapa kwetu hakushindwa hata moja.

SI JAMBO LA NYUMBANI TU

Tulizoea kusema mambo ya mume na mke ni ya chumbani. Serikali na Kanisa vyote viwili vimesema si hivyo pale mtu anapoumia.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya mawasiliano ya kila mtu, wala haikusema isipokuwa walio katika ndoa. Kifungu cha 45 kinasema mume na mke wana haki sawa wakati wote wa ndoa. Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015 haihesabu ngumi peke yake. Inataja pia kumnyima mtu riziki, kumtesa moyo, kumtisha, kumsumbua na kumfuatafuata, nayo inampa anayeteswa haki ya kuomba mahakama itoe amri ya ulinzi. Sheria ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya kompyuta, katika kifungu cha 37, inafanya kuwa kosa kusambaza picha za faragha za mtu, na adhabu yake inaweza kufika faini ya shilingi 200,000, au kifungo cha miaka miwili, au vyote viwili. Angalieni vizuri: kosa hilo halimhusu aliyeanza tu. Anayeipokea picha na kuipeleka mbele naye anasambaza.

Hata wale wanaotumwa na serikali kuhesabu afya ya jamii wamelijua jambo hili. Katika utafiti wa afya nchini uliofanywa mwaka 2022 ilionekana kwamba asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kuumizwa mwilini tangu walipofika miaka 15. Lakini hawaulizi juu ya vipigo peke yake. Huuliza pia kama mume anang'ang'ania kujua kila wakati mkewe yuko wapi. Wanajua kwamba moshi huonekana kabla ya moto.

Na Kanisa? Kanuni ya 1153 inasema kwamba mwenzi anayeleta hatari kubwa ya roho au ya mwili kwa mwenzake au kwa watoto humpa mwenzake sababu halali ya kukaa mbali naye kwa idhini ya Askofu, na hata bila kungoja idhini ikiwa kungoja kuna hatari. Huko si kuvunja sakramenti, kwa kuwa sababu ikiisha maisha ya pamoja yanarudishwa. Baba Mtakatifu Fransisko, katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, namba 241, alieleza kwamba wakati mwingine kutengana kunakuwa lazima kimaadili ili kumwokoa aliye dhaifu au watoto wadogo. Basi katekista anayemwambia kila mama "vumilia" hafundishi yote ambayo Kanisa linafundisha. Nilikuwa mmoja wao.

KWA NINI SIMU ISITUPWE MTONI

Baadhi ya akina mama walimshauri rafiki yao aitupe simu ile katika Mto Tana, mambo yaishe. Ushauri huo una hasira nzuri ndani yake, lakini hauna hekima.

Kumbukeni mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023, na yale ya Aprili na Mei 2024, barabara zilipokatika katika kaunti yetu. Nani angefika kwenye mahakama ya Hola au ya Garsen siku hizo? Nani angeletewa pesa mkononi? Kwa watu wanaokaa mbali kama sisi, simu ndiyo barabara. Kifaa kile kile kinachomfunga mtu kinaweza kumwokoa. Kinachohitajika ni kujua nani ameshika funguo.

Mama yule alisaidiwa na muuguzi mmoja mwenye busara. Siku alipompeleka mtoto kupimwa uzito, muuguzi alimpa simu nyingine, akapiga namba 1195. Hiyo ni namba ya kitaifa ya kuwasaidia wanaoteswa kijinsia, haitozwi pesa, na hupokewa usiku na mchana. Kwa kuwa hakuipiga kwa simu yake, haikubaki alama yoyote ambayo mume angeiona. Kutokana na yaliyofuata nimejifunza mambo haya, nami nawaandikia ili ninyi mnaosimamia ndoa za wengine msirudie makosa yangu.

1. Zungumza naye ana kwa ana, mbali na simu yake. Usimtumie ujumbe juu ya shida yake, hata ule wa kumtia moyo, maana huenda unasomwa na mwingine. Siku ambayo simu imepelekwa dukani kuchajiwa kama kawaida ni siku nzuri ya kuzungumza.

2. Usimpigie mwenzi anayelalamikiwa. Upatanisho una wakati wake, nao huanza pale anayeteswa akiwa salama na akiutaka mwenyewe.

3. Msikimbilie kufunga milango. Kuna milango mitano ya kuchunguzwa: akaunti ya simu na neno lake la siri, WhatsApp, ambayo ina mahali panapoonyesha vifaa vyote vilivyounganishwa nayo, huduma ya ramani inayowaonyesha wengine ulipo, laini, ambayo ikiwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine huyo anaweza kudai ni yake, na namba ya siri ya M-Pesa. Lakini mchungaji akiona jicho lake limefungwa ghafla, ndipo hasira yake inapowaka. Kwanza ijulikane mama na watoto watalala wapi usiku huo na nani atakuwa nao. Milango ifungwe baadaye. Wakati mwingine ni afadhali simu ya zamani iendelee kuwaka kama kawaida, na mipango ifanywe kwa nyingine.

4. Hifadhini ushahidi. Jumbe za vitisho zisifutwe kwa aibu. Zipigwe picha na nakala iwekwe mahali pengine, si katika simu hiyo. Katika daftari iandikwe tarehe, saa na maneno yaliyosemwa. Mkifika mahakamani, Sheria ya Ushahidi katika kifungu cha 106B inataka nakala zilizotolewa katika simu au kompyuta ziambatane na hati ya kuzithibitisha, kwa hiyo mwulizeni mwanasheria au ofisa wa dawati la jinsia kituoni jinsi ya kuiandaa.

5. Awe na pesa zake, hata kidogo. Laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake mwenyewe, na akiba ndogo katika chama cha akina mama. Nauli ya kuondoka ni sehemu ya usalama.

6. Picha ya aibu ikiingia katika kundi la jumuiya, msiitazame wala kuipeleka mbele, wala msijadili. Mwenyekiti wa kundi amjulishe mhusika kwa faragha, amwulize kama anataka jambo hilo lipelekwe polisi kabla ya kuifuta. Kisha Jumapili akae nanyi katika benchi lile lile kama siku zote. Silaha ya mtu anayetishia kwa picha ni aibu, na aibu inatoka kwetu sisi watazamaji. Tukikataa kuitoa, silaha hiyo haina risasi.

7. Kama maisha yake yamo hatarini leo hii, au mtoto anaumizwa, usingoje. Nenda polisi, au piga 1195, na kwa ajili ya mtoto piga 116.

JICHO LA WENGI

Nimeacha kwa makusudi jambo moja, nalo ndilo lililonifundisha zaidi.

Mama yule alipohamia kwa dada yake, sisi wa jumuiya tulikuwa na ari kubwa. Kijana mmoja anayejua mambo ya simu alijitolea kuirekebisha simu yake mpya. Tukashauriana kwamba aiunganishe na simu za watu watatu, mimi nikiwa mmoja wao, ili saa zote tujue yuko wapi na tumlinde. Tulifurahi sana kwa wazo hilo. Tulimwita, tukamweleza.

Alitusikiliza mpaka mwisho, akasema: "Asanteni. Lakini nimetoka kwenye jicho la mmoja, nanyi mnataka kunitia kwenye jicho la wengi."

Tulinyamaza. Nia yetu ilikuwa njema kabisa, na bado tulikuwa tunafanya alichofanya mumewe. Sisi pia tulitaka kushika funguo. Pengine mumewe naye siku ya kwanza alianza kwa nia njema, akisema moyoni, "Ninamlinda mke wangu." Ulinzi usioomba ruhusa huanza hivyo, nao unakua.

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali la semina. Swali halihusu kama simu ionyeshwe au ifichwe. Swali ni hili: nani ameshika funguo, na je, alipewa au alinyang'anya? Katika ndoa njema kila mmoja ana funguo zake, na kila siku huzitoa tena kwa mwenzake bila kuombwa. Katika ndoa iliyoharibika mmoja ameshika funguo zote. Na msaada wa kweli, uwe wa katekista, wa muuguzi, wa polisi au wa kijana wa simu, ni kuzirudisha funguo katika mkono wa mwenyewe, si kuzihamishia katika mkono wetu.

Nimeongea juu ya mke kwa sababu ndiye niliyemwona. Lakini wapo waume pia ambao wake zao huwapekua usingizini, huwapigia simu wafanyakazi wenzao na kuwatisha kwa watoto. Kwao nao fundisho ni lile lile, wala wasione haya kuomba msaada.

Mume wa mama yule amekwisha kuzungumza na padre mara mbili. Ameombwa afute picha zote na amrudishie mkewe jina lake katika laini yake. Hajajibu. Sisi tunaendelea kuwaombea wote wawili, maana yeye naye ni ndugu yetu, na moyo unaochunga usiku kucha hauna usingizi.

Juzi nilikutana na mama yule sokoni Bura. Tulisalimiana vizuri, nikaona uso wake umepata nuru. Tulipoagana nilimwomba namba yake mpya, ili nimjulie hali. Alicheka kidogo akasema, "Mwalimu, nitakupigia mimi." Miaka miwili iliyopita ningeona nimevunjiwa heshima. Safari hii nilimwambia ni sawa, nikaenda zangu.

Maswali ya kujadili nyumbani, mume na mke:

1. Je, kuna jambo ninalolijua kuhusu mwenzangu ambalo hakunipa mwenyewe? Nililipataje?

2. Mwenzangu akiniambia leo, "Jambo hili ni langu na dada yangu," mimi hufanya nini?

3. Katika jumuiya yetu, mtu akitaka kusema anateswa kwa simu, je, yupo mmoja wetu ambaye angeweza kumwambia bila habari kufika nyumbani kabla yake?